Harufu ya Jua Kwenye Foronya

Ukitaka kumchokoza Mama Kamba, usimtukane. Mwambie tu kwamba nguo alizokufulia zina vumbi. Ataiweka pasi pembeni, akunje mikono, akuangalie kuanzia kiatu mpaka nywele, halafu akuulize kwa upole kabisa kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuiona sabuni. Karani mmoja wa benki aliwahi kurudisha mashati yake meupe, akilalamika kwamba kila akiyavaa anapiga chafya. Mama Kamba alimwambia ayaache mashati hapo mezani, aende nyumbani akafue pua. Karani wa watu akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi na mashati yale yale, maana dobi mwingine wa kumfikia Mama Kamba mtaani hakuwepo.

Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kamba zake kumi na mbili, zilizopita nyuma ya nyumba kutoka mvinje hadi mvinje. Mivinje hiyo ilipandwa zamani na watu wa reli ili kukinga upepo, ikarefuka kupita mapaa ya nyumba zote. Madobi wengine walikuwa na nguzo za chuma zinazoshika kutu na kuchafua shuka. Yeye alikuwa na miti, na alikuwa akiringa nayo waziwazi.

Miaka ishirini na saba alifanya kazi kwa mtindo mmoja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi karai la nguo nyeupe liko tayari. Saa moja na nusu shuka ziko kambani, zimebanwa vibanio kila pembe. Haondoi kitu mpaka saa sita, ili nguo zishibe jua. Halafu anapita kamba kwa kamba, anashika kila shuka, analiweka puani na kufumba macho. Shuka lisilonukia jua linabaki kambani. Sabuni kwake ilikuwa nusu tu ya kazi, na hiyo nusu nyingine hakumwamini mtu wala mashine kuifanya.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alikaa barazani kutwa nzima na redio yenye antena ya spoki ya baiskeli, mtu wa maneno machache, labda kwa sababu maneno mengi ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa. Watoto wao wakubwa walikuwa wameoa na kuolewa, wametawanyika. Aliyebaki alikuwa kitindamimba, binti wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa maabara katika chuo kilichokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Na huyo binti ndiye aliyekuwa roho ya Mama Kamba. Hakuwahi kulificha hilo, hata mbele ya hao wakubwa.

Sasa, shida ya binti ilikuwa moja na ilikuja kila mwaka bila kukosa. Baridi ikianza kulegea, kabla mvua hazijafika, macho yake yalivimba yakawa mekundu, pua ikachuruzika, chafya zikaja saba saba. Daktari alisema ni aleji ya chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua unaopeperushwa na upepo, akampa vidonge. Vidonge vilikausha pua, lakini vilimlaza usingizi juu ya daftari kama mtu aliyepigwa rungu.

Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulimwangusha mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa wa vitendo: meza kumi, kila meza na hadubini yake, chini ya kila hadubini kioo kimoja, dakika tatu useme unachokiona. Kengele ikilia unasogea. Meza ya kwanza na ya pili alizipita salama. Ya tatu machozi yalimjaa, akawa anaona ukungu mtupu. Ya nne chafya ilimjia ghafla, paji la uso likagonga hadubini, kioo kikapasuka. Kuanzia hapo alikuwa anakisia tu. Alipata vinne kati ya kumi.

Chuo kilimruhusu kurudia mara moja. Akianguka tena, basi, anatoka, na miaka mitatu yote inakwenda na maji. Na huo mtihani wa kurudia, kana kwamba kuna mtu aliyemkamia, ulipangwa majira yale yale, mivinje ikiwa imechanua.

Mama Kamba hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alishaamua kwamba daktari amekosea kidogo: tatizo ni vumbi la humo chumbani, na vumbi dawa yake anaijua yeye kuliko profesa yeyote. Mwaka huu atamfulia mwanawe shuka na foronya kila siku. Si kila wiki, kila siku iendayo kwa Mungu. Kila asubuhi binti alipoamka, mama alikuwa mlangoni kachukua matandiko ya jana. Kila mchana aliyatoa kambani yakiwa moto kwa jua, akayapiga pasi, akayatandika kwa mikono yake mwenyewe, akaupigapiga mto mpaka ukanenepa. Mashuka ya hoteli aliyaacha yasubiri. Wateja walipong'aka, aliwaambia mwanawe ana mtihani, na wakitaka wakalalamike barabarani.

Redio ya mzee nayo ilikuwa na mambo yake. Kila asubuhi baada ya hali ya hewa, msomaji alitangaza kiwango cha chavua: leo cha chini, leo cha kati, leo cha juu, na wenye aleji wafunge madirisha hasa kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Mama Kamba alikuwa akisikia hayo huku amebeba beseni, anacheka. Alitaka kujua ni nani huyo asiye na kazi ya kufanya mpaka anakwenda kuhesabu unga wa maua hewani. Mzee aliongeza sauti kidogo, akaendelea kushona soli.

Wiki ya kwanza ya kufua kila siku, binti akazidi. Asubuhi aliamka macho yameziba, akawa anayaosha kwa maji ya uvuguvugu ndipo yafunguke. Mama akazidisha sabuni, akasuuza mara tatu badala ya mbili. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kidogo.

Halafu, ghafla bin vuu, binti akaanza kupata nafuu. Siku ya kwanza chafya zilipungua. Siku ya tatu macho yakawa meupe. Siku ya nne alikaa na vitabu vyake jioni nzima bila kugusa leso. Mama Kamba akavimba kichwa, na alikuwa na haki yake. Alimsimulia jirani, akamsimulia muuza mkaa, akamshika hata yule karani wa benki aliyekuja kuchukua mashati yake, akamwambia siri ni kufua shuka kila siku na kuzianika juani, hakuna cha daktari wala cha redio. Mzee alikuwa anasikia yote hayo kutoka barazani. Alikohoa, akainamia kiatu.

Lakini dobi ni dobi. Siku ya tano alilichukua lile fungu la matandiko ya binti, akataka kuyatumbukiza kwenye karai, mkono ukasita. Aliinua foronya akainusa. Ilikuwa inanukia jua. Haikuwa na mafuta ya nywele, haikuwa na jasho, haikuwa na harufu ya kichwa cha mtu hata chembe. Alilinusa shuka, na lenyewe vilevile. Lilikuwa limefinyangwa kweli, limekunjamana kila mahali, lakini makunyanzi yalikuwa ya mikono, si ya mwili. Mtu akilalia shuka huacha alama kiunoni na mabegani, na Mama Kamba alikuwa ameona maelfu ya alama hizo. Shuka hili hakuna mtu aliyelilalia.

Mama mwenye binti wa miaka ishirini na tatu akiona shuka halikulaliwa, mawazo yanakokwenda unayajua mwenyewe. Alifua siku hiyo kama mtu anayegombana na karai, na alfajiri iliyofuata, kabla hata ya kuwasha jiko, aliusukuma mlango wa chumba cha binti taratibu.

Binti alikuwepo. Alikuwa amelala juu ya godoro tupu, kichwa kakiweka kwenye sweta lililokunjwa likawa mto. Dirisha lilikuwa limefungwa. Matandiko yake, yale yaliyopigwa pasi jana, yalikuwa yamewekwa ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, mfuko umefungwa fundo. Na binti alikuwa anapumua kwa pua, mdomo umefungwa, usingizi mzito na mtulivu ambao mama yake hakuwahi kumwona nao majira hayo tangu alipokuwa mdogo.

Mama Kamba aliufunga mlango akaenda kukaa jikoni. Iliuma. Kama angemkuta na mvulana angejua pa kuanzia, angefoka, mambo yakaisha. Hili hakulijua lianzie wapi. Mtoto aliyemzaa anaona heri godoro tupu kuliko shuka lililopita mikononi mwake.

Alisubiri mpaka jioni. Binti aliporudi kutoka chuoni, alikuta foronya moja nyeupe katikati ya meza, na mama yake kakaa nyuma ya meza hiyo kama hakimu.

"Hii nimeifua kwa ajili ya nani?" mama akauliza.

Binti aliiangalia foronya, akamwangalia baba yake aliyekuwa mlangoni, akavuta kiti akakaa. Alianza kueleza polepole. Wiki iliyopita alichukua kipande cha selotepu, akakibandika kwenye foronya iliyotoka kambani mchana huo, akakibandua na kwenda nacho chuoni. Kipande kingine alikibandika kwenye foronya ya akiba iliyokuwa kabatini tangu mwaka jana. Alivitazama vyote viwili kwa hadubini. Ile ya kabatini ilikuwa na chembe tatu za chavua. Ile ya kambani alihesabu mpaka mia nne akaacha, na zaidi ya nusu zilikuwa za mivinje. Ile miti inayoshika kamba ndiyo iliyokuwa inamwaga unga wake juu ya shuka mbichi asubuhi nzima, na shuka bichi linanasa kila kitu.

"Kwa hiyo ninayekuumiza ni mimi," alisema mama.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Umesema kwa hesabu."

Binti akaanza kulengwa na machozi, na safari hii hayakuwa ya aleji. Alisema hakutaka kumvunja moyo. Alikuwa anamwona anavyoamka, anavyoacha kazi za watu kwa ajili yake, akashindwa kabisa kumwambia. Alikusudia avumilie kimya kimya mpaka mtihani upite, ndipo aseme. Ndiyo maana alikuwa anayafinyanga matandiko kila asubuhi.

Mama Kamba akamgeukia mumewe. Alimuuliza kama alijua. Mzee alikiri kwamba alijua, selotepu yenyewe ilitoka kwenye kisanduku chake cha kazi. Akaulizwa kwa nini alinyamaza. Alijikuna shingo, akasema alikuwa anatafuta siku nzuri. Siku nyingine yoyote jibu hilo lingemtokea puani, lakini jioni ile mkewe aliinuka tu, akaichukua foronya yake, akaenda kulala bila kula.

Msidhani aliamini. Hadubini hakuiona, na chembe mia nne za kitu kisichoonekana mtu yeyote anaweza kuzitaja. Alitaka ushahidi wa kidobi. Kesho yake kulikuwa na joho jeusi la wakili. Alilifua, akalisuuza mpaka maji yakatoka kama ya kunywa, akalianika saa moja na nusu kamba ya katikati, kama siku zote. Saa sita alilitoa. Kwa macho lilikuwa safi, lingeweza kwenda mahakamani saa hiyo hiyo. Alichukua leso nyeupe, akailowesha, akaikamua, akalipangusa joho kuanzia begani hadi pindoni, mpanguso mmoja tu wa taratibu.

Leso ilitoka na mstari wa rangi ya chai ya maziwa.

Alipangusa kamba ya kwanza. Alipangusa ya kumi na mbili. Alipangusa mkono wake mwenyewe, na kilemba alichojifunga kichwani, na leso ikawa haina tena mahali peupe. Miaka yote hiyo alikuwa amenusa nguo, amezikung'uta, amezikagua kwenye mwanga, na siku hata moja hakuwahi kuipangusa nguo iliyokauka, kwa sababu nani atapangusa kitu kisafi? Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akainua macho. Juu kule vitawi vya mivinje vilikuwa vimejaa vimaua vya kahawia, na upepo ulipopita aliona, sasa kwa kuwa anajua pa kutazama, kitu kama moshi mwepesi kikitoka mtini na kushuka. Alimkumbuka binti alipokuwa na miaka sita, macho yameziba, yeye akimfunika shuka la jua ili apate raha. Akalia hapo hapo, chini ya kamba zake, na jirani aliyechungulia ukutani akarudisha kichwa haraka.

Jioni aliingia chumbani kwa binti. Yaani hakuingia, alisimama kizingitini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakuletea ugonjwa kitandani kwa mikono yangu miwili, na kujisifu juu."

Binti akataka kuinuka amkumbatie. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akamwonyesha kilemba na gauni lake, akamwambia akae huko huko. Tangu asubuhi alikuwa kambani, alikuwa amebeba chavua ya mtaa mzima.

Kuanzia siku hiyo nyumba iligeuka. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mama Kamba alifunga kamba mbili sebuleni, kutoka bawaba ya mlango hadi msumari wa kalenda, akawa anaanika humo matandiko na nguo za binti, madirisha yamefungwa, na kuzimalizia kwa pasi ya moto mpaka mvuke ukajaa chumba. Mzee alikuwa anakula akiwa ameinama chini ya shuka, na mara mbili aliingiza kona ya foronya kwenye bakuli lake la mchuzi. Hakulalamika. Nyumba ilinuka unyevu. Mama Kamba alilinusa shuka la kwanza lililokaukia ndani akakunja uso, halikuwa na jua hata kidogo, lilinukia chuma na maji. Alilitandika hivyo hivyo kwa shingo upande. Baadaye akaacha hata kutandika, akawa analiacha shuka mezani binti alitandike mwenyewe, kwa sababu ya gauni lake.

Redio nayo ilipanda cheo. Sasa kila asubuhi mtu akiongea wakati wa kutangaza kiwango cha chavua alikatwa jicho. Kikiwa cha juu, hata nguo za wateja hazikutoka nje mpaka baada ya saa tisa, na zilipotoka kambani zilipanguswa. Wateja waliuliza kulikoni. Aliwaeleza bila kujificha kwamba alikuwa amekosea miaka ishirini na saba. Karani wa benki alipokuja, alimpa mashati yake yaliyokaukia ndani na hakumtoza. Karani alishangaa, akauliza kwa nini.

"Ni fidia ya ile pua niliyokwambia ukaifue," alisema Mama Kamba, akarudi kwenye pasi yake.

Kilichomtesa zaidi ni kutomgusa mtoto. Wao walikuwa watu wa kushikana. Binti alikuwa na mazoea ya kuja kuegemea bega la mama yake akisoma, na mama akimsuka huku anapiga domo. Siku tisa zote hizo walikaa pembe mbili za sebule, shuka katikati, wanaongea bila kuonana nyuso. Usiku mama alioga, akabadili nguo, akataka kwenda kwa binti, halafu akakumbuka nywele, akaacha.

Siku ya mtihani msomaji wa redio alitangaza kiwango cha juu sana, cha juu kuliko siku zote za msimu. Mzee alizima redio kabla sentensi haijaisha, lakini wote watatu walikuwa wameshasikia. Binti alivaa koti jeupe la maabara lililokaukia chini ya kalenda, akafunga kitambaa kichwani, akavaa barakoa. Macho yake yalikuwa meupe, makavu. Alipita uani kuaga.

Mama Kamba alikuwa kwenye kamba ya mwisho kabisa, alikokwenda makusudi. Binti alisimama. Kati yao kulikuwa na kamba kumi na moja tupu, bila nguo hata moja.

"Usinisogelee," mama alimwambia. "Nenda. Ukaone vizuri."

Binti aliinua mkono, akaenda. Mama Kamba alibaki ameshika kibanio cha mbao, anakifungua na kukifunga. Siku hiyo hakufua kitu. Wateja watatu walikuja na mabunda yao, aliyapokea akayaweka chini bila kuuliza lipi la nani. Saa nne alikuwa anawaza meza ya tatu. Saa nne na nusu alikuwa anawaza ile ya nne.

Saa saba mlango wa mbele uligongana na ukuta. Mzee barazani alisema kitu, redio ikaanguka. Binti akatokea uani anakimbia, koti limefunguka, kichwa wazi, barakoa kaishika mkononi. Aliinua vidole vyote kumi juu.

"Vyote, mama. Vyote kumi. Msimamizi amesaini pale pale."

Mama Kamba akanyoosha mikono mbele kumzuia, akasema nguo zake, nywele zake, asubiri kwanza akaoge.

"Si umeshaisha?" alisema binti. "Mtihani si umeshaisha?"

Akapita chini ya kamba zote, akamrukia shingoni, akauzika uso wake kwenye lile gauni la kambani na kile kilemba kilichojaa mivinje. Wakakaa hivyo. Haukupita muda, kichwa cha binti kikaanza kutetemeka begani kwa mama, chafya ya kwanza ikalipuka, ikafuatiwa na nyingine, binti anapiga chafya huku anacheka, machozi na makamasi vinashuka, na hamwachii. Mama Kamba alimshika kichwa kwa mikono yote miwili akawa anazihesabu. Zilikuwa kumi na moja, na safari hii hakuna hata moja iliyomuuma.